Mgonjwa wa Zoezi la Tisa

MKUU: Haloo? Haloo, unanipata? Ni mimi, mkuu wako wa idara.

MWALIMU: Wa zamani. Shikamoo.

MKUU: Marahaba, dada yangu. Habari za—

MWALIMU: Mbona unanong'ona?

MKUU: Nimejifungia chooni, nyuma ya ukumbi. Leo tunazindua kile kitabu... cha Kiingereza.

MWALIMU: Kitabu changu.

MKUU: Tusifike huko sasa—

MWALIMU: Tumeshafika. Mambo yote ya sarufi yanayowachanganya hata wanafunzi wa juu, nimeyakusanya miaka kumi na moja. Mimi niko msibani, wewe unafungua droo yangu, unapiga fotokopi daftari zima. Leo jalada lina sura yako na tai.

MKUU: Mtandao unakatakata.

MWALIMU: Mimi nakusikia vizuri sana.

MKUU: Sikia, nimebanwa. Kuna mwanamke kakaa mbele, mwenye miwani. Anasema sentensi za mifano zote zinamhusu mgonjwa mmoja. Zoezi la pili, mama amelazwa wiki mbili na bado yupo wodini. La tano, anakataa uji. La tisa—

MWALIMU: La tisa hayupo.

MKUU: Ee. Sasa anataka niwaeleze huyo mama ni nani. Ukumbi mzima unanisubiri, na mgeni rasmi. Nipe jina tu na ugonjwa, mengine nitapiga porojo.

MWALIMU: Kumbe hukusoma ulichoiba.

MKUU: Nilidhani ni mifano tu.

MWALIMU: Niliiandika kando ya kitanda chake. Anakohoa, naandika. Nikarudi ofisini nalia, ukanipa pole kwa mikono miwili. Nimekuchukia tangu siku ile, na sijachoka.

MKUU: Nisamehe, nina watoto—

MWALIMU: Yeye pia alikuwa nao. Wawili.

MKUU: Toleo la pili nitaweka jina lako, haki ya Mungu.

MWALIMU: Huyo mwenye miwani, amepakata mkoba wa kahawia?

MKUU: Ndiyo. Unamjua?

MWALIMU: Dada yangu, tumbo moja. Daftari langu limo mkobani.

MKUU: Mlikaa mkapanga.

MWALIMU: Mwaka mzima. Funga tai yako, toka, uwaambie kitabu ni cha nani. Ama atawasomea yeye, mwandiko wangu na tarehe zake.

MKUU: Ngoja, kuna mtu anagonga mlango. Na salio langu linakwi—

MWALIMU: Ni yeye. Hana subira kama yangu. Mfungulie.