Saa Mguuni mwa Mbuzi

Zuwena: Haloo? Ni nani?

Luqmani: Mie, mama. Luqmani. Shikamoo.

Zuwena: Marahaba. Makubwa. Leo umekumbuka una mama Chumbageni.

Luqmani: Nimeshtuka, mama. Kile kifaa nilichokuwekea sebuleni kimeniletea ujumbe—

Zuwena: Kumbe kidude ndo kimekutuma unipigie.

Luqmani: Si kidude. Kina akili bandia. Kinaona, kinasikia, kinasema, tena kimeunganishwa na mlango na ile saa niliyokutumia, vyote kwa mtandao wa faivu-ji, kasi yake—

Zuwena: Mbona unakwaruza kama redio ya marehemu babako?

Luqmani: (mikwaruzo) ...haloo? Nasema, mlango unaonyesha hujatoka nje miezi mitatu. Saa nayo inasema jana ulizunguka mtaa mzima, hatua elfu tisa.

Zuwena: Huyo mbuzi wa Tausi.

Luqmani: Nani?

Zuwena: Mbuzi wa jirani. Saa nimemfunga yeye mguuni. Inasemaje moyo wake?

Luqmani: Inasema... una afya njema.

Zuwena: Alhamdulillahi. Nitamfikishia.

Luqmani: Mama, mie sitanii. Na kamera inaonyesha giza tupu.

Zuwena: Nimeifunika kanga. Nimejisitiri ndani, halafu jicho la watu linikodolee? Hata huyo Uweso, fundi wako, alipokuja kulifunga nilikaa nyuma ya pazia.

Luqmani: Lakini kwa nini hutoki? Kifaa kinashauri upelekwe ufukweni Raskazone ukapunge upepo. Kinasema huenda una—

Zuwena: Luqmani.

Luqmani: Naam.

Zuwena: Babako kafa lini?

Luqmani: (mikwaruzo)

Zuwena: Usijifiche kwenye mtandao. Nakusikia unahema.

Luqmani: Eda. Mama... uko eda.

Zuwena: Miezi minne na siku kumi, toka dunia iumbwe mjane hukaa ndani. Kidude chako kinaniita mgonjwa. Hicho nakisamehe, hakikuzaliwa na mtu. Wewe ulishika jeneza, ukapanda basi jioni ile ile, kisha ukaniletea mlinzi kwenye boksi.

Luqmani: Ni kazi, mama, ruhusa—

Zuwena: Siku ya kunitoa eda watu watajaa hapa. Mie namtaka mmoja tu, mwanangu, anishike mkono tuvuke kizingiti. Sikutaka saa. Sikutaka faivu-ji.

Luqmani: Nitakuja. Wallahi nitakuja.

Zuwena: Kwa miguu yako? Au utanitokea kwenye hicho kidude ukutani?

Luqmani: Kwa miguu yangu, mama. Eda inaisha lini?

Zuwena: Si unacho kinachojua kila kitu? Kiulize.

Luqmani: (anabonyeza simu) Hakijui.

Zuwena: Basi mko wawili.

Luqmani: Mama, usikate, salio linakwisha, nitajie siku tu, siku—