Wanjira Kibe Hakutaka Kuzikwa na Uso wa Mtu Mwingine

Marehemu Veronicah Wanjira Kibe alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 huko Waithaka, Dagoretti, kifungua mimba wa marehemu Hezekiah Muchiri na marehemu Mwihaki.

Alisoma karibu na nyumbani hadi darasa la saba, kisha akajifunza kupiga taipu mjini. Akileta kazi nyumbani, sisi wadogo zake tulikatazwa hata kupumua karibu na karatasi yake.

Mwaka wa 1979 aliolewa na Kibe, fundi wa magari pale Dagoretti Corner, wakakaa mtaa wa Jamhuri.

Alifanya kazi kwa mawakili hadi mwaka wa 2000, kisha akaajiriwa na duka la uchapishaji katikati ya jiji, akipokea faili za programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha na wasifu wa marehemu. Huko ndiko alikochoshwa. Kompyuta ya duka ilikuwa kuukuu. Jina la faili likiwa na nafasi kati ya maneno, ilisoma neno la kwanza tu na kuacha mengine. Na watu, kwa heshima, kila faili waliianza na "Marehemu". Basi wafu wote wakawa na jina moja, na aliyeletwa mwisho alimfuta aliyetangulia. Mwaka wa 2003 familia ya Omollo ilifungua programu kando ya kaburi ikakuta picha ya mama wasiyemjua. Mwenye duka alikataa kununua kompyuta nyingine. Wanjira ndiye aliyekwenda kuomba msamaha.

Tangu hapo aliwasihi wateja kila siku.

"Unganisha majina, baba. Usiache nafasi."

"Lakini huyu alikuwa mzee wa kanisa! Mbona tumbane hivyo?"

"Nafasi atapata kaburini. Hapa mashine itammeza."

Mazoea hayo aliyaleta nyumbani. Kibe aliwahi kutumwa dukani na karatasi iliyoandikwa "sukarimajanisabuni".

Mwaka wa 2005 aliugua ugonjwa wa sukari, ukafika kwenye figo. Akiwa hospitalini alimwambia binti yake Ciru, "Faili yangu msiandike Marehemu. Nisizikwe na uso wa mtu mwingine." Alituacha tarehe 5 Juni 2007, mchana.

Aya hii imeongezwa. Juzi mwanawe Waithaka alipeleka faili kwenye duka lile lile mjini, akaipa jina "Marehemu Mama Yetu Mpendwa". Programu zilirudi na picha ya mzee mwenye ndevu.

"Si Mama alisema!" Ciru akalia.

"Sasa ningemwitaje mamangu? Wanjira tu, kama rika langu?"

Kompyuta ni ile ile. Programu zote zile zilichomwa, na Ciru akaenda mwenyewe. Aliandika "WanjiraKibe", akakaa pale hadi nakala ya mwisho ikatoka.

Ameacha mumewe Kibe, watoto wake Ciru na Waithaka, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake, nikiwemo mimi, Isaiah Muchiri.

Pumzika sasa, dada. Tumeangalia kila nakala. Ni wewe.