Siku Olindo Alipofunga Maji ya Radikio

Benchi letu liko nje ya baa ya Wilma, kijijini kwetu karibu na Treviso, na asubuhi ile ya Januari kahawa haikupanda kabisa. Olindo alikuwa ametoka kufunga maji ya matangi yake. Tangu enzi za babu yake ukoo wao ulilima radikio, yale majani mekundu ya saladi yanayong'olewa pamoja na mizizi baada ya baridi kali, kisha yanawekwa gizani kwenye maji ya chemchemi mpaka yachipue upya, laini na machungu kidogo. Msimu huu hayakununuliwa. Tulimsaidia kuwamwagia bata bukini majani yaliyobaki, na kwa kweli iliniuma.

Aliyeanza ni Profesa, kinyozi mstaafu ambaye hajawahi kumfundisha mtu.

— Wa kulaumiwa ni hizi saladi za mifuko. Mtu anachana, anamimina, kashakula. Nani atahangaika kuosha mizizi?

— Acha hizo, Profesa, akadakia Ermes, tunayemwita Waziri kwa kupenda kutoa matamko. Ndimi zimekufa! Watoto wanalishwa sukari tangu tumboni. Wakionja kitu kichungu wanadhani wametiliwa sumu.

— Na sukari kaileta nani? Profesa akamrudia. Jiulize!

— Nani?

— Kuna watu wamejifungia mahali, wakaamua sisi tusile kichungu. Anayekula kichungu hadanganyiki kirahisi, bwana.

— Ndo maana yake! Wanaanza na saladi, wanamalizia na kura zetu.

— Nyie wazee, kura na majani wapi na wapi? Wilma akauliza kutoka dirishani.

Olindo hakucheka.

— Babu angenikana, alisema.

Hapo akasimama na baiskeli mama mmoja, Agnese, nesi aliyehamia kwetu mwaka jana.

— Shikamooni. Mbona kibanda cha radikio hakipo sokoni leo?

— Kimefungwa moja kwa moja, mama, nikamjibu.

— Jamani! Nilikuwa nayatamani yale majani. Ila niliogopa kununua kitu nisichojua kinaliwaje.

— Si ungeuliza? Waziri akamkaripia.

— Niliuliza. Baba huyu akaniambia asiyejua kula radikio aende akanunue karoti.

Jibu hilo tulilijua sote. Olindo alilirithi kwa baba yake, na kila siku ya soko tulijisogeza karibu na kibanda, tukimngoja mgeni aulize ili tupate kucheka.

— Haya, niambie leo basi. Radikio linaliwaje?

Olindo akakohoa.

— Unalipasua vipande vinne, pamoja na mzizi wake. Mafuta ya zeituni, chumvi kidogo, unaliweka juu ya makaa. Likinyauka, tayari.

— Hivyo tu?

— Hivyo tu, mwanangu.

— Sasa kwa nini hamkuwa mnasema?

Profesa aliinamia kikombe chake. Olindo alivua kofia, akawa anaikunjakunja mikononi, na mama wa watu akasimama pale na baiskeli yake, akingoja kujibiwa.