Mama Rudia na Karatasi Arobaini

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Rudia hata jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi wa vyuma na mama mfua nguo. Mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alizaliwa miaka minne baadaye na alivaa mashati aliyoshonewa na dada yake mpaka alipoota ndevu.

Alianza shule mwaka 1958 na kumaliza darasa la saba mwaka 1964. Hakuwa na maajabu katika hesabu, ila mwalimu wa ushonaji alimwona. Mwalimu huyo alimfumulisha pindo moja la taulo mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili hakusema kitu, akaenda zake. Marehemu alisimulia kisa hicho maisha yake yote kama mtu anayesimulia siku aliyopewa nishani, na humo ndimo lilimotoka neno lake: "Rudia." Alilisema bila hasira na bila huruma. Wajukuu wake walilisikia juu ya vitanda visivyotandikwa vizuri, na mume wake juu ya chai.

Kuanzia Februari 1970 alifanya kazi katika kiwanda cha mashati, meza ya kola, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1993. Miaka ishirini na mitatu ya kola si mchezo. Alirudi nyumbani na cherehani moja ya kiwanda kama kiinua mgongo, akakaa wiki mbili akiitazama, wiki ya tatu akawaita jirani zake sebuleni. Tangu hapo kila Jumamosi saa tatu asubuhi palikuwa na darasa. Hakutoza ada. Aliyetaka kujifunza alikuja na kiti chake na kitambaa chake.

Wengi mliopo hapa mlikaa kwenye sebule ile, na mambo aliyofundisha mnayafanya mpaka leo bila kukumbuka mliyatoa wapi. Kitambaa kipya hufuliwa kabla ya kukatwa, la sivyo gauni litakuja kufupika mwilini mwa mwenyewe. Uzi unaojisokota upitishe kwenye mshumaa mara mbili. Kipande cha sabuni kilichokonda hakitupwi, hicho ndicho chaki ya kuchorea nguo. Gundi nyingi haishiki zaidi, inachelewa kukauka tu. Na mkasi wa nguo haukati karatasi, hata kama nyumba inaungua.

Kuhusu mkasi kuna ushahidi. Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975 na fundi saa aliyekuwa na kibanda mkabala na posta, mtu mpole wa vidole vyembamba. Wiki ya tatu ya ndoa, bwana harusi alichukua mkasi wa mkewe akakatia boksi. Bibi harusi hakumsemesha mpaka Alhamisi. Siku hiyo fundi saa alirudi na mkasi ule ule, ameunoa mpaka unakata unywele, na mwingine mpya wa karatasi umefungwa utepe mwekundu ili wasichanganye tena. Waliishi pamoja miaka arobaini na miwili, mpaka mume alipomtangulia mwaka 2017. Walijaliwa watoto wawili: wa kiume, ambaye ni fundi umeme, na wa kike, aliyekuwa karani katika ofisi ya wapima ardhi.

Hapa wasifu ungeweza kuruka mpaka kwenye ugonjwa, kama wasifu nyingi zinavyoruka. Marehemu mwenyewe alikataza.

Mwaka 2009 wanafunzi wa Jumamosi walimwomba awaandikie namna ya kutengeneza sabuni ya mche nyumbani, kwa kuwa aliwaonyesha mara mbili na waliogopa kusahau. Sabuni ile hutengenezwa kwa mafuta, maji na kostiki, yale magadi makali yanayouzwa kwenye kopo lenye alama ya fuvu. Marehemu alikaa jikoni na binti yake, yeye akisema, binti akiandika. Alikuwa anapachika pini kwenye pazia na pini nyingine ziko midomoni, kwa hiyo maneno yalitoka nusunusu. Binti alikwenda nayo ofisini, akayapiga kwa kompyuta, na alipofika kwenye mstari wa nne akaona utaratibu wa mama haupendezi. Kwenye orodha ya vitu juu, kostiki ilitangulia na maji yakafuata. Akaona ni nadhifu zaidi mstari wa nne nao uanze na kostiki. Akaugeuza. Hakuwahi kutengeneza sabuni hata siku moja. Jumamosi alikuwa analala.

Marehemu alipoletewa karatasi hakuwa na miwani. Alisifu herufi. Nakala arobaini, jina lake juu, ziligawiwa Jumamosi ya tarehe 6 Juni.

Mstari wenyewe hautarudiwa hapa, maana programu hizi za mazishi mlizoshika nazo zitakaa kwenye makabati ya watu. Inatosha kusema kwamba kostiki ikimwagiwa maji huchemka papo hapo na kuruka. Jumatano ya tarehe 17 Juni, mwanafunzi mmoja, msusi wa mtaani, aliifuata karatasi jikoni kwake neno kwa neno. Akapoteza jicho la kushoto.

Marehemu alifika hospitali na kumwuliza kwa nini alifanya vile, ilhali aliona kwa macho yake mara mbili jinsi inavyofanywa. Msusi alimjibu: "Nilikumbuka, mwalimu. Lakini karatasi ilikuwa na jina lako. Nikasema labda umegundua njia iliyo bora."

Jioni ile marehemu alisoma karatasi akiwa na miwani. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa tayari kwenda kwa msusi wakati ule ule akaseme, na mama yake akamshika mkono. "Jina lililo juu ni langu," alimwambia. "Ningevaa miwani, lisingetokea. Na wewe ukisema leo, utakayepata nafuu ni wewe, siyo yeye. Kaa kimya."

Binti alikaa kimya. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kusema kweli, kukaa kimya hakukumwia vigumu kama alivyojidai. Alipoona mtaa unamtazama mama yake kwa jicho la pembeni, na viti vya Jumamosi vinapungua kutoka thelathini hadi sita, alikuwa na nafasi ya kufungua mdomo kila siku ya Mungu. Hakufungua. Huyo binti ndiye aliyeandika wasifu huu. Mjomba wake ameusoma kwa mara ya kwanza jana na kuuliza kama ni lazima. Ni lazima.

Marehemu alianza kuzitafuta karatasi. Alikuwa na daftari lenye namba moja mpaka arobaini, na kila karatasi aliyoipata aliichoma mwenyewe na kumwachia mtu karatasi nyingine, iliyoandikwa kwa mkono na kusomwa mara tatu. Aliogopa kitu kimoja tu: kwamba karatasi haijui imekosea. Ingeweza kukaa kimya miaka ishirini kwenye droo, kisha mtoto wa mtu aifungue na kuiamini. Alizikuta mahali pa ajabu. Moja ilikuwa imetandikwa chini ya vijiko. Moja ilifungia misumari kwa seremala. Mwanafunzi mmoja aliyempenda kupita kiasi alikuwa ameiweka kwenye fremu na kioo juu ya meza ya kulia, na alilia ilipoondolewa. Mwingine alikuwa amehamia nchi nyingine. Marehemu alimwandikia barua tano mpaka karatasi ikarudi kwa posta. Kufikia mwisho wa 2019 alikuwa amepata thelathini na saba.

Mwaka 2021 miguu ilianza kuvimba, na daktari akasema ni moyo. Alikatazwa ngazi, chumvi na kutembea juani. Chumvi aliiacha. Mwezi wa Novemba mwaka jana hakuweza tena kuinuka, na ndipo alipomwita binti yake akae kitandani. Binti alimwomba msamaha kwa maneno mengi. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema alishamsamehe siku ile ile jikoni na wala hilo silo alilomwitia. Alimwitia karatasi tatu.

"Sasa sema," alimwambia. "Nilidhani nitazimaliza mwenyewe. Nikishaondoka watu watanisifu, na mwalimu akishasifiwa kaburini, karatasi yake inazidi kuaminiwa. Waambie wote, tena siku ambayo watakuwa wamejaa."

Alifariki Jumamosi tarehe 3 Februari 2024, saa mbili na nusu asubuhi, kitandani kwake, mikono ikiwa juu ya shuka.

Siku ya Jumatatu binti alikwenda kwa msusi, kwa sababu si haki mtu asikie jambo kama hili katikati ya umati. Alimweleza yote akiwa amesimama, hakuthubutu kukaa. Msusi aliendelea kukunja taulo za saluni mpaka zikaisha. Kisha akaenda kabatini akatoa karatasi iliyopigwa kwa kompyuta, ina mabaka ya maji. Ilikuwa moja ya zile tatu. Alisema Mama Rudia alijua iko pale, na kwa miaka yote aliyokuja kumjulia hali hakuthubutu kuiomba.

Hakusema amesamehe, na hakusema hajasamehe. Alimkabidhi ile karatasi na kumwambia, "Safari hii andika vizuri."

Basi imeandikwa hivi, na msusi ameisoma kabla haijachapwa. Maji hutangulia kwenye ndoo ya plastiki, si sufuria ya alumini. Kostiki hufuata, kidogo kidogo, ndani ya maji, ukikoroga kwa mwiko wa mti, umevaa glavu na miwani, dirisha wazi, watoto nje. Kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki. Ikikurukia, jisafishe kwa maji mengi yanayotiririka, robo saa nzima bila kukatisha, halafu nenda hospitali.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume na mke wake, mtoto wa kike, wajukuu wanne, mdogo wake mmoja, wanafunzi wa Jumamosi wasiopungua mia mbili, na karatasi mbili ambazo hazijapatikana. Zina jina lake juu, na kosa lililomo si lake. Ukirudi nyumbani leo, kabla hujavua viatu, fungua droo.

Mwenyezi Mungu ampe mwalimu wetu pumziko la amani, ambalo hakulipata tangu Juni ile.