Ukurasa wa 41 wa Shem Wesonga Obuya

Bwana asifiwe. Mimi ni Jacklyne, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenipa jukumu hili, ingawa Mama angependa nisome kwa upole zaidi kuliko nitakavyosoma.

Baba yetu, Shem Wesonga Obuya, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961 huko Funyula, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Obuya, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978, karo ikakatika, akaja Nairobi kutafuta riziki, na tarehe 2 Machi 1983 akaajiriwa fundi wa maabara ya fizikia katika chuo kikuu kimoja hapa mjini, akatengeneza mizani na kuwasikiliza maprofesa kwa miaka thelathini na minane.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na mama yetu, Beryl Awiti, hapa hapa mtaani Satellite, wakajaliwa mabinti wawili, mimi na Ivyne, tuliokua tukiona mahesabu nyuma ya kila kalenda nyumbani.

Swali lake lilikuwa moja. Nadharia ya uhusianifu husema kilichoingia kwenye shimo jeusi, lile la angani linalomeza hata nuru, hakitoki, fizikia ya kwanta husema habari za kitu hazipotei kamwe, sasa mwongo ni nani? Alitueleza kwa ngozi za machinjioni Dagoretti, kwamba ng'ombe ameshaliwa lakini alama ya mwenyewe ingali kwenye ngozi, vivyo hivyo habari za kilichomezwa huenda hubaki juu ya uso wa shimo, na akajaza daftari zima akihesabu zinavyobaki.

Tarehe 6 Mei 2019 alimpelekea Profesa Kaindi, mkuu wa idara, nakala ya daftari hilo, akajibiwa, "Shem, wewe ni fundi wa lab, hii kitu yako nani atasoma?" Mwaka 2021 Profesa aliichapisha kwa jina lake, neno kwa neno, pamoja na kosa la ukurasa wa 41, ambapo Baba alijumlisha mahali pa kutoa. Yeye alipewa tuzo, Baba akastaafu na saa ya ukutani.

Januari 2024 Baba alipatikana na saratani ya koo, akatibiwa hospitalini Hurlingham, na wataalamu wa ng'ambo walipoanza kuuliza kuhusu kosa lile, Profesa akaja kumwona mara tatu, na matunda, akiomba daftari, maana Baba alikuwa ameshalisahihisha. Baba, mwema kupita kiasi, aliagiza apewe, akisema ukweli hauna mwenyewe. Alituacha Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Mimi nimekataa. Geuzeni ratiba zenu, pale nyuma wengine wanapoweka maua tumeweka ukurasa wa 41, na kosa lake, kwa mwandiko wa Baba, na chini yake sahihi ya Profesa ya tarehe 6 Mei 2019 kuonyesha ameupokea. Mwizi amekula nyama, ngozi imemtaja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Satellite mliotupikia wiki nzima, na wafanyakazi wenzake wa maabara. Profesa Kaindi, uliyeketi safu ya pili, tunakushukuru kwa kutusaidia kulibeba jeneza kutoka garini, kwa kuwa ukurasa uliosahihishwa umo humo, chini ya mkono wa kulia wa Baba, na jioni hii tunaondoka nao kwenda kumzika Funyula.

Pumzika kwa amani, Baba, na unisamehe, kwa sababu mimi sijasamehe.