Somo la Kukadiria Damu

Treni ilikuwa imetoka uwanja wa ndege. Mbele yangu walikaa shangazi mtu na binti wa kaka yake, aliyerudi baada ya miaka minne ya kusomea ukunga ng'ambo. Shangazi alimuuliza kwa furaha ni somo gani alilipenda kuliko yote huko chuoni.

"La kukadiria damu," binti akasema. Nikaacha kusoma gazeti, ingawa niliendelea kulishika. "Mwalimu alitandika mashuka matano yaliyolowa maji mekundu, akatutaka tuseme mzazi amepoteza damu kiasi gani. Wenzangu walikosea. Mimi nilipatia yote matano."

"Akili hizo umezirithi kwetu."

"Haikuwa akili, shangazi. Mashuka kama hayo niliyaona nyumbani nikiwa na miaka tisa, siku mama alipofariki kwa uzazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Darasani ndipo nikajua kulikuwa na muda wa kutosha kumfikisha hospitali. Mlikuwa mnasubiri nini?"

Shangazi aliuvuta mkoba mapajani. "Tulidhani itakata. Mzazi hutoka damu, mwanangu. Nani angejua?"

"Aliyekuwa anabadilisha mashuka."

"Aliyekuwa anayabadilisha ni mimi."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe, si baba."

Treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Abiria wakainuka na mizigo yao. Kilikuwa kituo chao, nilichowasikia wakikitaja mapema, na changu pia, lakini kati yetu watatu hakuna aliyeinuka.