Robinson Opondo na Nyumba Iliyongoja Miaka Thelathini na Mitatu

Wachungaji, wazee wetu, akina mama, majirani na wote mliofika, mimi ni Oduor, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma, nami nitasema kweli tupu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kusifu kitu ambacho hakukipenda.

Robinson Opondo Odongo alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa hapa, nyuma ya soko la Otonglo, kifungua mimba wa Mzee Odongo na Mama Rachael, ambaye alitulea kwa samaki aliowanunua Dunga na kuwakaanga kando ya barabara. Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1964, akamaliza kidato cha sita mjini Kisumu mwaka 1976, akasomea uhifadhi wa samaki Nairobi, akakagua samaki Port Victoria kwa miaka minne, na tarehe 1 Februari 1984 akaajiriwa na kiwanda cha minofu ya samaki aina ya mbuta mjini Kisumu, ambacho kilimtuma ng'ambo kutafuta wanunuzi, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Alimwoa Elsie Mumbi, mfanyabiashara wa nguo ambaye wazazi wake walihamia Kisumu kutoka Murang'a, tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa Caren Atieno mwaka 1988 na Brandon mwaka 1992, na wote wakaishi katika nyumba ya kupanga mjini.

Aliona miji thelathini na mmoja, akaiandika katika madaftari kumi na moja, na karibu yote ilimkera. Rotterdam, aliandika, watu hufika kwa wakati hata mahali wasipotakiwa, Brussels wanakula samaki asiye na kichwa kisha wanakuuliza kama kwenu kuna ustaarabu, Dubai alipata kikohozi cha baridi huku nje jua likipasua mawe, na Osaka alifungiwa chooni robo saa na vitufe vingi kuliko vya redio ya baba. Nairobi kila mtu ana haraka ya kwenda kukaa kwenye foleni. Hata Kisumu yetu hakuisamehe, aliandika kwamba ni jiji lililokaribishwa na ziwa, likaketi na kuligeuzia mgongo.

Mnamo Juni 1991 baba alimwonyesha Opondo kiwanja hiki mlichokalia, na ninyi mnajua kwetu mdogo hatoki kwa baba kwenda kuanzisha boma lake kabla mkubwa hajaanzisha lake. Opondo akasema anajenga akirudi safari hiyo. Akarudi na dirisha la Lisbon kichwani, mwaka uliofuata ni baraza ya Colombo, kisha bafu la Osaka, bila vitufe, na kila mji aliousema vibaya ulimpa kitu kimoja cha kuongeza kwenye mchoro, na kila mchoro ulifuta uliotangulia. Baba akafariki mwaka 1998. Mimi na mke wangu Lornah tukabaki katika simba, nyumba yangu ya ujana, tukalea humo watoto wanne, na sasa nina miaka sitini na mitatu na mjukuu analala mlangoni.

Aliugua figo kuanzia Machi 2023. Novemba iliyopita nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake aliniuliza, "Oduor, kwani bado mko kwa hiyo simba?" nikamjibu, "Nakungoja wewe, omera, ndugu yangu," naye akasema, "Si ungeniambia?" Mnacheka, lakini nilimwambia mwaka 1993, nikamwambia 1999, nikamwambia kila Krismasi. Nimelifikiria sana jambo hili na sitaki kumhukumu, huenda mtu aliyelala katika vyumba vingi vya wageni huogopa chumba ambacho hatakihama.

Tulipanga kumleta tarehe 28 Desemba aweke nguzo ya kwanza kwa mkono wake, madaktari wakakataa, na walikuwa sahihi. Aliniambia, "Basi weka bati tu, achana na Lisbon, lakini usisahau benchi." Alifariki hospitalini Kisumu Alhamisi tarehe 9 Januari 2025, akiwa na miaka sitini na saba.

Wazo la benchi lilitoka Thessaloniki, mji pekee ambao hakuulalamikia, ambako wazee waliokaa nje ya mlango walisogea, akaketi, na hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Nyumba hii ya chumba kimoja tumeijenga kwa siku tatu, jana amelala ndani yake kama desturi inavyotaka, na benchi lake ndilo ambalo tangu Jumatano mnasema ni gumu. Hata yeye angesema hivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miezi ishirini na miwili, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na majirani mliobeba bati hizi mabegani kutoka sokoni Otonglo.

Opondo, ndugu yangu, una boma sasa, na mkubwa amekwisha kutoka. Matanga yakiisha mimi na Lornah tutabeba jogoo na shoka, kama anayekwenda kuanzisha boma anavyopaswa, tupite mbele ya benchi lako tukiwa njiani kwenda kwetu. Pumzika kwa amani, na usitusimamishe.